Shanga Chini ya Bawa

Kwetu Mambrui, mtu akisafiri, nyumba haifagiwi mpaka ijulikane amefika. Ukifagia mapema unafuta nyayo zake, na nyayo zikifutika atarudi kwa njia gani? Nyumba nyingi hungoja nusu siku. Sisi tulikuwa na desturi yetu. Kila alasiri, ndege ndogo ya abiria ilipopita juu ya paa kwenda kutua Malindi, Bibi alisema, "Weka ufagio chini." Niliuweka, hata kama taka nilikwisha kuzifikisha kizingitini. Tulingoja mlio upotee, kisha tukangoja tena, kiasi cha mtu kushuka na kupata gari la kumleta kwetu.

Sababu ya yote ilikuwa picha moja iliyokaa ndani ya mkebe wa biskuti. Katika picha hiyo baba yangu, mwana wa pekee wa Bibi, amesimama ameweka mkono mmoja juu ya bawa la ndege. Aliituma kwa mtu aliyekuwa akija Malindi, pamoja na salamu fupi: mwambieni mama naondoka, asitie wasiwasi. Baada ya hapo, kimya. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Mama yangu aliolewa tena Mombasa, nikabaki na Bibi.

Siku zile vijana wengi walikwenda Uarabuni kutafuta kazi, basi Bibi akaunganisha mambo mwenyewe: mwanawe alipanda ile ndege, yuko Uarabuni, na kwa ndege atarudi. Jirani yetu alipenda kumchokoza. "Mwanao anakula tende huko, wewe huku wala vumbi!"

"Wako yupo barazani kutwa," Bibi alimjibu. "Tende yake i wapi?"

Katikati ya miaka ya themanini, nilipokuwa darasa la saba, nikashikwa na hamu ya kuijua ile ndege. Nilijiambia: nikiijua, nitajua ilikwenda wapi, na nikijua ilikokwenda, nitajua pa kupeleka barua. Bibi aliifunga picha kwa kitambaa akanipa. "Usiitie jasho," alisema.

Malindi palikuwa na mzee aliyefanya kwa miaka mingi kazi ya kutia ndege mafuta uwanjani, na baada ya kustaafu alikuwa akitengeneza saa nyumbani kwake. Nilimkuta amebana kioo cha kukuzia jichoni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Saa imesimama?"

"Sina saa, babu. Nina ndege."

Alicheka mpaka kioo kikamdondoka. Aliifuta meza kwa kiganja kabla ya kuilaza picha. "Usianze na ubavu," alisema. "Watu wote hukimbilia ubavu, kwa kuwa ndio mkubwa. Anza chini."

Nawe, kama unayo picha ya namna hiyo nyumbani, usiogope. Huhitaji kusomea ndege. Anza na magurudumu, kisha mabawa, kisha uhesabu madirisha, na mwisho utafute mlango. Fanya polepole, picha haikimbii. Tulifanya hivyo. Gurudumu dogo lilikuwa mkiani. Bawa lilikuwa chini, likimfika baba kiunoni. Sehemu ya kukaa ilikuwa moja tu, yenye vioo, imeinuka kama nundu ya ng'ombe. Mlango wa abiria sikuuona, nikadhani uko upande wa pili.

"Na hizi?" mzee aliuliza. Chini ya bawa palikuwa na vidoa vimepangwa mstari.

"Bibi husema ni shanga. Ndege imepambwa."

Hakucheka. Alinipa kioo nikaangalia mwenyewe. Vidoa vilikuwa vijibomba, vyote vimetoka kwenye bomba moja refu. "Dawa hutokea hapo," alisema. "Hii ni ndege ya kunyunyizia mashamba. Pamba, hasa. Mwanangu, ina kiti kimoja tu. Cha rubani."

"Baba yangu alikaa wapi?"

"Hakukaa. Tazama mkono wake ule mwingine."

Siku zote nilidhani ni kivuli. Ilikuwa glavu nene, imepanda mpaka kiwikoni. Baba alikuwa mmoja wa wale waliojaza dawa ndani ya ndege, pipa baada ya pipa.

"Basi ilikwenda wapi?"

"Iliruka, ikamwaga dawa, ikarudi palepale."

Njia nzima ya kurudi nilitafuta uongo wa kumwambia Bibi. Uarabuni ni mbali, na aliye mbali husamehewa. Lakini kutoka shamba la pamba mtu hurudi kwa basi. Ikiwa hakupanda ndege, basi miaka yote ile pengine alikuwa nchi hii hii, asije.

Bibi alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. "Umeijua?"

Uongo haukuja. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, kuanzia chini: gurudumu, bawa, vioo. Nilipofika kwenye shanga alizifunika kwa kidole, kama anayemziba mtu mdomo.

"Kiti kimoja?"

"Kimoja, Bibi."

Nikamweleza na habari ya glavu, akaisogeza picha karibu na macho. "Na hiyo glavu, ilimtosha? Maana dawa zile huchoma."

"Ilimtosha."

"Alhamdulillahi," akasema, na kurudisha picha mkebeni.

Kesho yake alasiri ndege ilipita. Nilisimama na ufagio, nikingoja amri. "Fagia tu," alisema, bila kuinua macho. Nikafagia chini ya mlio ule kwa mara ya kwanza, kama mwizi. Nilikuwa nimezifikisha taka kizingitini aliposimama, akapangusa mikono kwenye kanga, akaenda mlangoni na kuitazama barabara ya Malindi.

"Basi la jioni hupita saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, Bibi."

"Weka ufagio chini," akasema. "Mpaka lipite."