Siku Niliyolala kwenye Ekografi

Ilianza Jumanne, saa tatu asubuhi, kwenye korido ya hospitali moja Lilongwe, na hata sasa nikiandika masikio yanawaka moto.

Nilimsindikiza Mama Mudogo, mdogo wa mama yangu, maana Kiingereza hajui na mi shuleni, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nilisifiwa (kwa kuandika, kusema njo kunanishinda). Alikuwa na mimba changa, damu ikaanza kumtoka, na mimba ya kwanza iliharibikia njiani tulipokimbia kwetu Uvira. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kama mtoto yuko hai. Pasta wa kanisa letu alitutafutia gari, na pale kwenye korido akakaa katikati yetu.

Daktari akaniambia: mwambie anywe maji mengi, asikojoe mpaka nimalize. Sasa neno kama hilo, mbele ya Pasta, msichana wa kwetu anamwambiaje mtu mzima? Nikasema, "Amesema unywe maji," nikaishia hapo, na kwa aibu nikanywa naye kikombe kwa kikombe. Mama Mudogo akaenda chooni, nikamwangalia tu akienda.

Ndani, ekografi, ile mashine ya kuonea tumboni, iliunganishwa na kompyuta ambayo daktari alikuwa anaifundisha kuchora yenyewe: anaweka duara dogo kwenye picha, duara linatanuka mpaka lishike ukingo wa kibofu, ndipo anajua mfuko wa uzazi uko wapi. Kwa Mama Mudogo halikushika kitu, likatambaa picha nzima. Daktari akaita wenzake, wanafunzi wakajaa, Pasta naye akaingia, akaanza kuomba.

Mama Mudogo akanishika mkono. "Banaona nini? Mutoto haiko?"

Daktari, akidhani kompyuta imeharibika, akauliza nani mwingine amekunywa maji wajaribu. Nikanyoosha kidole, kama darasani. Njo nikalala pale, mafuta baridi tumboni, na duara likashika mara moja, limejaa kama tikiti, wanafunzi wakapiga makofi.

"Hiyo njo nini?" Pasta akauliza.

"Kibofu yangu."

"Na ya Mama Mudogo?"

"Aliimwaga kule chooni. Sikumwambia ashikilie, juu yako, Pasta, nilikuonea aibu."

"Kumbe njo hiyo tu?" Mama Mudogo akasema, akacheka kile kicheko chake cha Uvira ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuvuke mpaka (siku hizi anaishi Kauma, mtaa wa Lilongwe, na mtoto wake, nyumba yetu imepoa). Akanywa tena, tukangoja, na mchana duara likashika, na nyuma yake kitu kidogo kinadunda.

Kesho yake asubuhi, bombani, jirani mwenye mimba akaniuliza kule hospitali banafanyaka nini. Pasta alikuwa nyuma yetu na ndoo yake. Nikamwambia jirani, kwa sauti, "Unywe maji, na usikojoe mpaka daktari amalize."

Pasta akainama kuangalia ndoo.