Mwalimu Aliyeusomea Ukuta

Mtaani kwetu wanamwita Mifupa, chuoni wanamwita Miwani, na mimi namwita mwanangu, ingawa aliyemzaa ni dada yangu, Mungu amlaze mahali pema. Majina yote mawili aliyapata kwa kazi yake, na kazi yenyewe ni kemia.

La Mifupa lilianzia buchani. Anasomea shahada ya pili, na utafiti wake ni wa maji. Kule alikozaliwa, maji ya visima yana madini yanayoitwa floraidi. Hayana rangi wala harufu, lakini mtoto akiyanywa tangu udogo meno yanageuka kahawia, na yakimzidi hata mifupa inapinda. Yeye mwenyewe ana meno hayo. Akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Sasa, mfupa wa ng'ombe ukichomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo ukawa mkaa, ukasagwa, maji yakapitishwa humo, ule mkaa unayanasa yale madini. Mwanangu anatafuta moto wa kiasi gani unatoa mkaa ulio bora, na mkaa ukishachoka unafufuliwaje. Basi kila Jumamosi utamkuta buchani na ndoo.

"Wewe Mifupa," muuza nyama alimwambia mbele ya wateja, "sema kweli, una mbwa wangapi?"

"Sina mbwa, mjomba. Nasomea."

"Unasomea mifupa? Kumbe uganga siku hizi mpaka chuo kikuu!"

Watu wakaangua kicheko, na jina likaganda hapo hapo. Mimi liliniuma kidogo. Yeye alicheka nao, kiganja mdomoni, na ndoo ikajazwa bure. Mifupa ile aliichemsha uani kwangu ili mafuta yatoke kabla ya kuipeleka kwenye tanuri la chuo, na harufu yake, jirani yangu alisema, hata mwizi angetubu.

La Miwani alipewa na wanafunzi. Ili aendelee na masomo, idara ilimpa kazi ya kufundisha mwaka wa kwanza maabarani, na juu yake wakamkabidhi usalama wa chumba kile. Aliichukua kazi hiyo kama mtu aliyekabidhiwa watoto. Alikagua mitungi ya kuzimia moto, akapanga chupa za asidi rafu ya chini zisije zikamwangukia mtu kichwani, na kila Ijumaa alivuta mnyororo wa bomba la dharura ili kutu itoke na maji yawe safi. Bomba hilo lina kichwa kama cha bafu, limewekwa ukutani kwa ajili ya mtu aliyemwagikiwa. Pembeni yake alibandika kanuni alizoziandika kwa mkono wake, herufi kubwa. Ya kwanza ni miwani ya kukinga macho, na alisimama mlangoni kuhakikisha. Wanafunzi walisema hata malaika akishuka, Miwani atamwuliza kwanza, "Na yako iko wapi?"

Haya ya bomba sikuyaona kwa macho yangu. Nayaeleza kama nilivyoyasikia kwake na kwa waliokuwepo, na yote yanalingana.

Asubuhi moja walikuwa wakijifunza kupunguza ukali wa asidi kwa maji. Binti mmoja, mkimya, mwenye sketi ndefu, alikuwa amevaa koti la kuazima, fupi, vifungo vya chini vimekatika. Alibeba chupa kwa kuishika shingo. Chupa ilikuwa imelowa kwa nje, ikateleza, ikapasuka ukingoni mwa meza, na asidi ikamshuka kutoka kiunoni mpaka gotini.

Miwani alimfikia kabla hajapiga kelele. Alimsukuma chini ya bomba akavuta mnyororo. Mnyororo ule ni wa zamani, ukiuachia maji yanakatika, kwa hiyo hakuweza kuondoka. Maji yakamwagika kama mvua ya masika, lakini asidi ilikuwa imeshaingia kwenye kitambaa, na kitambaa kimegandamana na ngozi.

"Vua sketi!" akamwambia.

Binti akaishika sketi kwa mikono miwili, akatikisa kichwa. Wavulana wamesimama wanatazama, na mlango wenyewe una kioo. Alikuwa anaungua, na bado ameishika.

Hapo Miwani akapaza sauti: wavulana wote nje, wageukie ukuta wa korido. Wasichana wavue makoti yao meupe, wayanyooshe kumzunguka mwenzao, migongo ndani. Akavua na lake akawarushia, huku mkono mmoja uko kwenye mnyororo. Mmoja wao akachukua mkasi akaikata sketi. Yeye alijigeuza, uso ukutani, akabaki hivyo robo saa nzima, kwa sababu maji hayapaswi kukatwa kabla ya muda huo.

Hospitali wakasema angalau maji yalikuwa mengi. Jeraha litapona, alama itabaki pajani.

Lakini neno husafiri kwa miguu yake. Kabla ya jioni chuo kizima kilikuwa na habari nyingine: mwalimu kamvua binti wa watu nguo mbele ya darasa, akasimama pale pale. Binti akajifungia nyumbani, akakataa kurudi. Baba yake akaja juu. Mwanangu akasimamishwa kufundisha mpaka wazee waonane, na akiondolewa kazi ile basi na masomo yamekwisha. Mifupa ingebaki kwenye tanuri na jina lake lingebaki kwenye midomo ya watu, na doa la namna ile halitoki kwa sabuni.

Nilipofua shati lake la siku ile lilifanya matundu mgongoni kama limetafunwa na mende. Mbele lilikuwa zima. Mimi sikuhitaji zaidi ya hapo kujua alikuwa amempa binti mgongo. Nikamwambia tulibebe kwenye kikao.

"Hapana, mama mdogo," akasema. "Tukianza kuonyesha shati, watataka kujua yeye alisimama wapi, kashika nini, kavaa nini. Sitaki aelezwe-elezwe."

Baba wa binti alidai kumwona pamoja na mzazi wake, kwa hiyo nikaenda. Njia nzima nilikuwa nasali, maneno yananikimbia, nikabaki na "Mungu wangu, Mungu wangu" tu. Naamini yalitosha.

Ofisini tulikuwa wanne: profesa mkuu wa idara, mwanangu, mimi na yule baba. Binti alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango. Baba ni fundi wa kuchomelea mageti. Mikono yake ina vidoti vya cheche na macho yake mekundu.

"Shikamoo, mzee," mwanangu akasema.

"Sikuja kuamkiwa hapa." Akanigeukia. "Mama, huyu ni wako?"

"Ni wangu, baba. Nimemlea mimi."

"Basi sikia kwa masikio yako." Akamrudia. "Nani alikata sketi ya mwanangu?"

"Msichana mwenzake. Kwa amri yangu."

"Kwa amri yako! Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nimeshika mnyororo wa bomba."

"Na macho?"

"Ukutani."

"Ukutani kuna nini? Sinema?"

"Kuna kanuni za maabara, mzee. Niliziandika mimi."

Yule baba akacheka, kicheko kikavu. "Robo saa mtu anatazama kanuni alizoziandika mwenyewe! Profesa, unamsikia huyu? Mimi nina umri gani wa kudanganywa hivi?"

Profesa akavua miwani yake akaifuta. Alikuwa mtu mwema, ila alichoka kuwa katikati. "Labda," akasema, "tumwite binti aingie, aeleze ilivyokuwa."

"Naomba asiitwe," mwanangu akasema. "Ameshasimama mbele ya watu mara moja bila kupenda, asisimamishwe tena kwa ajili yangu. Kosa langu lipo. Niliandika 'vua nguo' nikaibandika ukutani, nikaifundisha kila muhula, na siku moja sikujiuliza msichana atavuaje mbele ya mlango wa kioo. Zile dakika alizoishika sketi ndizo zilizomwunguza. Kama ni kuniondoa kwa hilo, niondoeni."

Nikamvuta mkono wa shati. Nilitaka kumwambia, mwanangu, jitetee, ulimi si wa kulambia ugali tu. Hakunitazama.

Mlango ulikuwa haukufungwa vizuri. Ukasukumwa taratibu, na binti akaingia. Alijifunika mtandio mpaka kidevuni, na alikuwa anachechemea.

"Nani kakuita?" baba akauliza.

"Hakuna, baba." Hakumwangalia mtu. Akaanza kusema kama mtoto anayeghani darasani. "Kanuni ya kwanza. Vaa miwani kabla hujaingia. Kanuni ya pili. Funga vifungo vyote vya koti. Kanuni ya tatu. Chupa ibebwe kwa mikono miwili, mmoja chini. Kanuni ya nne. Asidi hutiwa kwenye maji, maji hayatiwi kwenye asidi. Kanuni ya tano. Ni marufuku kula maabarani, hata pipi."

"Ni nini hiki?" baba akasema. "Nani kakukaririsha?"

"Yeye. Pale pale kwenye bomba. Alikuwa amenipa mgongo, anasoma kwa sauti kubwa. Akimaliza anaanza upya. Mwanzoni nilidhani amechanganyikiwa. Kisha nikaelewa, alitaka nijue uso wake uko wapi. Kila nikiogopa nilisikiliza. Sauti haikugeuka hata mara moja, baba."

Akavuta mtandio wake, akaendelea.

"Aliposema 'hata pipi' mara ya tatu, wenzangu walianza kucheka nyuma ya makoti. Hata mimi nilicheka, na mguu unawaka."

"Na ya sita?" profesa akauliza polepole. "Nakumbuka ziko sita."

"Ya sita ndiyo ile ya kuvua nguo. Akifika hapo anakwama. Anasema, 'Nisamehe dada, pazia litakuja.' Halafu anarudi kwenye ya kwanza."

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa ameinamisha kichwa kama aliyefumaniwa akiiba sukari. Hayo hakuwa ameniambia hata mimi niliyemfulia shati.

Baba akasugua viganja vyake. Kisha akainuka. "Nionyesheni hilo bomba."

Tukaongozana, sote watano, mpaka maabarani. Akasimama chini ya kile kichwa cha bomba, akatazama mlango wenye kioo, akatazama korido nje, watu wanapita na vitabu vyao. Akatazama ile karatasi ya kanuni. Maji yalikuwa yameirukia, wino umechuruzika mpaka chini.

"Aliyechora chumba hiki," akasema, "hakuwa na binti."

Akainua mkono akapima dari kwa jicho. "Hapa panataka reli ya duara. Bomba la nusu inchi, lipinde kutoka ukuta huu mpaka ule. Nitaikunja mimi." Radhi hakuomba. Lakini alipopita karibu na mwanangu alimwekea mkono begani, akauacha pale kidogo, na mkono wa fundi ni mzito.

Kwenye ngazi tukiwa tunashuka, yule baba akasita. "Kijana, ile shikamoo yako."

"Ndiyo, mzee."

"Marahaba."

Profesa alimrudisha kufundisha juma lile lile. Pazia nilipewa mimi nilishone, kwa kuwa mashine yangu ndiyo riziki yangu. Nikanunua kitambaa kizuri kizito, maua ya zambarau, nikakitia marinda. Mwanangu alipokiona alikaa chini akacheka mpaka akasahau kuziba mdomo.

"Mama mdogo, hili ni la sebuleni kwa bi harusi. Asidi ikilirukia linainywa, kisha linampaka mtu."

Nikashona jingine, la plastiki nene isiyoonyesha, na vipete vya chuma juu. Lile la maua liko dirishani kwangu mpaka leo.

Siku ya kuweka reli nilienda na lile la plastiki mkononi. Yule fundi alikuwa ameshaichomelea karakanani kwake, maana mwanangu alimwambia cheche haziruhusiwi mle, kuna vimiminika vinavyoshika moto. Kilichobaki ni kutoboa ukuta na kukaza skrubu. Binti alikuja naye, akakaa kwenye kigoda karibu na ile meza, meza ile ile iliyopasua chupa, amevaa koti jipya refu lenye vifungo vyote. Nilijiuliza moyoni kama atakaa au atatoka. Alikaa.

Baba, aliyekuwa bado koridoni, akanyanyua drili yake na reli begani, akaelekea mlangoni kwa haraka ya mtu mwenye kazi nyingine inayomngoja. Mwanangu akasimama mbele yake.

"Samahani, mzee wangu. Humu huingii hivyo."

"Hivyo vipi? Mimi nachomelea mageti tangu hujazaliwa."

"Nayaona macho yako, mzee."

Fundi akatazama huku na huku kutafuta wa kumuunga mkono. Mimi nilijishughulisha na vipete vya pazia. Akamtazama binti yake.

"Kanuni ya kwanza, baba," binti akasema.

Akashusha reli, akanyoosha mkono, akapewa miwani, akaivaa.