Naeku na Gari Lisilosema Linaumwa Wapi

Miaka sita Naeku alifanya kazi gereji kwa Ndesanjo, pale Kimandolu, na miaka yote sita hakuruhusiwa kufungua injini hata moja. Kuziba pancha, sawa. Kumwaga oili, sawa. Akiulizia injini, Ndesanjo anacheka kidogo na kumwambia injini inataka uvumilivu. Jamani, miaka sita ya pancha si uvumilivu? Na cheti cha chuo cha ufundi anacho, kimelala kabatini kwa mama yake. Basi alikuwa amemeza hasira hadi amezizoea.

Jumanne moja asubuhi likaletwa gari la Mzee Lomayani, mkulima na mfugaji wa upande wa magharibi wa Meru, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Gari dogo jekundu, hana nalo hata mwezi. Aliuza madume wanne wa ng'ombe kulinunua. Sasa likisimama linatetemeka kama mtu mwenye homa, likipanda mlima linakosa nguvu, linakohoa. Na kwenye dashibodi, hakuna taa hata moja iliyowaka.

Shomari, fundi anayeaminiwa kuliko wote pale, akachomeka mashine yake ya kusoma gari. Mashine ikasema gari ni zima. Akalaumu mafuta machafu, akabadilisha chujio. Gari likatetemeka vilevile. Akasafisha njia ya hewa. Wapi! Ilipofika saa tano Ndesanjo akajifuta mikono, akamwambia mzee kwamba injini imechoka, itafutwe nyingine. Mzee aliketi kwenye benchi akaangalia chini, na ukimwangalia uso ulijua alikuwa anawahesabu wale madume.

Hapo ndipo Naeku alipoweka chini spana aliyokuwa ameishika, akasema anaomba ajaribu yeye. Shomari akatabasamu lile tabasamu la mtu anayengoja kuona aibu ya mwenzake.

"Haya, lichukue," akasema Ndesanjo, na alihakikisha kila mtu anasikia. "Lakini ukishindwa, usije ukaniomba injini tena. Tumeelewana?"

Naeku akasema wameelewana. Mikono yake ilitulia, na kwenye kazi hii mikono ndiyo inayoulizwa.

Aliliwasha gari, akaliacha lingurume. Hakutazama dashibodi, taa ingekuwa na la kusema ingeshasema. Injini ina silinda nne, na kila silinda ina koili yake ya kupeleka moto kwenye plagi. Akachomoa waya wa koili ya kwanza: injini ikalegea zaidi, maana yake hiyo ilikuwa inafanya kazi. Akaurudisha. Ya pili, vivyo hivyo. Akachomoa wa tatu. Injini haikujali kabisa, ikaendelea na mtetemeko wake uleule. Naeku akazima gari. Mgonjwa amepatikana.

Akafungua koili ya tatu, akaivuta juu. Ikatoka na harufu. Si ya petroli, si ya oili. Shomari akasogea, akaziba pua, akasema panya amefia humo. Naeku akainusa tena, polepole, na kidogo acheke. Harufu ile aliijua tangu utotoni. Kwenye mpira wa koili kulikuwa na utando mweupe uliogandamana, na chini, kwenye shimo la plagi, unyevu mzito. Moto ulikuwa unapotelea humo badala ya kufika kwenye plagi.

Angeweza kutangaza pale pale, watu wakacheka. Hakufanya hivyo. Akaenda benchini, akainama mbele ya mzee na kumuuliza kwa sauti ya chini, kwa Kimaa, lugha ya kwao, kama gari lilibarikiwa.

Mzee Lomayani akajibu kwa Kiswahili, wote wakasikia.

"Ni mama yangu. Ana miaka tisini. Nilimwambia anyunyizie maziwa kwa majani, kama kawaida ya baraka. Akasema moyo wa gari uko ndani, nifungue boneti. Akamimina kibuyu kizima cha maziwa."

Hakuna aliyethubutu kucheka hadi mzee mwenyewe alipoanza, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ndipo gereji yote ikaangua kicheko, isipokuwa Shomari, aliyekuwa anakunja waya za mashine yake.

Naeku akapuliza shimo kwa upepo wa kompresa, akalifuta, akaisugua plagi, akausafisha mpira wa koili hadi ukang'aa, akakausha kila kitu na kurudisha. Akaketi nyuma ya usukani. Akawasha.

Weee! Gari likatulia tuli, sauti moja laini, hata chupa ya maji iliyowekwa juu ya injini haikutikisika. Naeku akakanyaga mafuta, likaitika bila kukohoa. Aliukamata usukani kwa nguvu, asije akapiga kelele za furaha. Mzee akamwekea mkono kichwani, akamwombea kwa Kimaa, maneno marefu kuliko yote aliyosema siku ile, kisha akapanda gari lake na kuondoka.

Ndesanjo alikuwa bado amesimama palepale, hajui mikono aiweke wapi. Mara akaingia kijana wa bodaboda anasukuma pikipiki, tairi la nyuma limelala, anauliza nani wa pancha. Kwa mazoea Naeku akanyanyuka.

"Wewe baki huko," akasema Ndesanjo. "Kuna gari pale nyuma, Noah, injini yake inamisi, inakosa moto tangu jana. Ifungue."

Ndesanjo akakunja mikono ya shati, akapiga magoti, akaanza kulifungua lile tairi la pikipiki yeye mwenyewe.