Oili Chafu Si Dawa ya Mbwa

Mwanangu, mimi nilikuwa nimefika mahali ambapo hakuna kitu duniani kingenishangaza. Nilianza kwa kubeba watu kwa baiskeli kutoka upande wetu wa Busia, Uganda, hadi upande wa Kenya, darasa la nne likiwa ndilo langu la mwisho, na leo malori yanalala katika yadi yangu mwenyewe. Dereva akinidanganya namjua kabla hajafunga mlango. Injini ikikohoa nakwambia inaumwa wapi. Lakini siku moja naikumbuka mpaka leo, na nikiikumbuka nakasirika upya: siku baba mkwe wangu aliposhuka kwenye pikipiki getini kwangu, amebeba gunia linalolia.

Ndani ya gunia mlikuwa na mtoto wa mbwa niliyempa mimi mwenyewe.

Nirudi nyuma kidogo. Nina mbwa jike, jina lake Kastamu, yaani forodha, kwa sababu hakuna apitaye bila kusimamishwa. Bila yeye, betri za malori ya watu zingekuwa zinauzwa sokoni kila asubuhi. Mwaka ule alizaa, na nilipomtazama nikaona vipara kuzunguka macho, kwenye ncha za masikio na kwenye viwiko. Alikuwa akijikuna mpaka mnyororo unaimba. Watoto wake nao wakaanza. Mimi nikasema, ah, kitu kidogo hiki. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini nani angeniambia mimi?

Hapa mpakani kila fundi anaijua dawa. Lori likibadilishiwa oili, ile nyeusi haimwagwi, anapakwa mbwa. Mafundi walionilea walifanya hivyo, nami sikuwahi kujiuliza mbwa wao waliishi muda gani. Nikachukua kopo, nikawasugua mama na watoto mpaka wakang'aa kama matairi mapya. Vipara havikuonekana tena. Nikajipongeza, na kila wiki nikawapaka tena! Yule mtoto aliyeng'aa kuliko wenzake nikampelekea baba mkwe kijijini kwake, Kwapa, akalinde mbuzi. Nikasifiwa kijiji kizima.

Sasa ndiye huyo amerudi katika gunia.

"Mkwe, nimekurudishia zawadi yako," mzee akasema. Hata salamu hakunipa.

"Baba, kwani amekosa nini?"

"Yeye hajakosa. Wewe ndiye umekosa." Akakunja shati, nikaona mkono umejaa vipele. "Mimi najikuna. Mama mkwe wako anajikuna. Wajukuu wamerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kujikuna. Mbwa wangu wa mbuzi wamebaki ngozi kama goti. Ulinipa mbwa ama ulinipa tangi la mafuta?"

Nyuma ya pazia nikamsikia mke wangu, Mama Nafula, anacheka. Kwetu baba mkwe hajibiwi, mwanangu. Unasimama kama lori kwenye mizani, usomwe uzito wako. Lakini kiburi kikaniwasha. Nikasema, "Baba, ile ilikuwa dawa."

"Dawa? Basi kunywa kikombe kimoja nione. Mbwa anajilamba, mkwe wangu. Kila unachompaka mgongoni umemtia mdomoni."

Nilitaka kumwambia nitachanganya na dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe, ipate nguvu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ndipo nikashtuka: mzee amepita getini, amefika hadi mlangoni, na Kastamu hakubweka.

Nilimkuta nyuma ya matairi, anatetemeka, ute unamtoka mdomoni. Mtoto mmoja alikuwa anatapika povu. Mimi nisiyeshangazwa na kitu, mwanangu, siku hiyo nilishangaa. Nikaropoka ile habari ya dawa ya ng'ombe, na mzee akanikata: "Ng'ombe ana kilo ngapi, na huyu ana ngapi? Unataka kummalizia? Washa gari!"

Tukaenda kwa daktari wa mifugo, Tororo. Yule aliyetapika alikufa njiani, mapajani mwa baba mkwe. 

Daktari alikwangua ngozi ya Kastamu, akaitazama kwa hadubini, akasema ni utitiri, wadudu wasioonekana kwa macho wanaochimba ndani ya ngozi. Oili haiponyi, inachoma ngozi na kuingia mwilini. Wakaogeshwa kwa sabuni na maji ya vuguvugu mpaka weusi ukatoka. Kila mmoja akapimwa uzito kabla ya dawa. Kastamu alichomwa sindano, watoto wakapewa yao tofauti kwa sababu ya umri, na tukaambiwa turudi, maana sindano moja haimalizi.

Na bado mnakuja yadini kwangu na makopo! Mnaniomba oili chafu, eti mbwa ana vipara! Nikisema hapana mnaniona mchoyo. Mwanangu, nisikilize, nimechoka kurudia. Ukiona kipara, mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo wakati kipara kingali kidogo kama sarafu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Usimpimie dawa kwa kizibo cha chupa, na ya ng'ombe mwachie ng'ombe. Mbwa wote wa boma watibiwe pamoja, hata yule unayemwona mzima. Magunia wanayolalia yachome moto. Watoto wako wakijikuna, nao wapeleke kliniki. Na usimgawie mtu mbwa mgonjwa, hasa mkweo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi yaliniumbua mbele ya mkwe.

Mungu akujalie mbwa anayebweka kwa wakati, wakwe wanaokukemea mapema, na masikio ya kuwasikia.

Oili ile sikuinunua, ilitoka kwenye lori la mteja. Lakini ukijumlisha daktari wa mbwa wangu na wa baba mkwe, kliniki ya wajukuu, na betri zilizoibwa Kastamu akiwa amelala mgonjwa, mpaka siku aliyobweka tena getini ilikuwa imenila shilingi za Uganda laki saba, themanini na tano elfu, na mia tano.