Boti ya Shemeji na Sauti Iliyokuwa Chini Yake

Dada yangu alikufa maji mchana kweupe, watu wakimtazama. Alikuwa anavuka bwawa akitoka sokoni upande wa pili, yeye na akina mama wengine wanne na magunia ya ndengu. Upepo wa saa tisa ukaamka, ule ambao watu wa Mbeere wanaujua na kuuogopa. Mtumbwi ukajaa, ukapinduka. Wale wanne walishikilia ubavu wa mtumbwi. Yeye hakuwahi.

Mume wake, shemeji yangu, alikuwa ukingoni anatengeneza nyavu. Kikundi cha wavuvi kilikuwa na boti moja tu ya injini, ya bati, tumbo lake bapa kama sinia. Maji yakitulia ilikwenda vizuri. Yakiinuka, kila wimbi liliipiga kutoka chini hadi mtu akauma ulimi, na ukikaza mwendo iliruka na kutua kwa kishindo kana kwamba itapasuka. Shemeji alitoka nayo kumfuata, akapunguza mwendo mara tatu kabla ya kufika. Aliniambia hivyo siku ya mazishi, tukiwa tumesimama kando ya udongo mbichi. "Mara tatu, shemeji. Mara ya pili nilikuwa namwona mkono."

Mimi ni fundi wa faiba, plastiki ya nyuzi za kioo, mjini Embu. Karakana yangu iko nyuma ya nyumba ninayoishi, mtaa wa Dallas. Natengeneza matanki ya maji, na mabampa ya magari yakinijia. Nilizaliwa Kanyakine, juu huko kwenye migomba na kahawa, ambako maji ni kijito unachovuka kwa kurukia mawe. Sijui kuogelea mpaka leo. Kwa hiyo shemeji alipofika karakana miezi michache baadaye na kuniomba nimtengenezee boti, nilidhani huzuni imemchanganya.

"Mimi ni mtu wa matanki," nikamwambia.

"Tanki ni nini? Si ni kitu haivuji?" Alikuwa amekonda, shati limemning'inia. "Nataka boti ambayo mawimbi haitaizuia. Mtu akianguka, nifike. Hiyo tu."

Ningekataaje? Alikuwa mume wa dada yangu.

Mteja mmoja alinielekeza kwa mama fulani Nkubu, mwenye duka la dawa za mifugo karibu na hospitali. Kabla ya kurudi nyumbani alikuwa amefanya kazi miaka ishirini pwani kwenye karakana ya boti za mbio. Tulimkuta anampimia mkulima dawa ya kupe. Tulipomweleza shida yetu alifunga kaunta, akatupeleka nyuma kwenye bomba la maji.

"Watu wanaangalia boti juu," akasema. "Rangi, viti, injini. Boti ni tumbo. Ukikosea tumbo, injini kubwa ni ya kukuua tu haraka."

Alimpa shemeji kijiko cha chai, akamwambia akishike kwa ncha ya mpini, kilegee, akisogeze mgongo wa kijiko uguse maji yanayotiririka. Nilitarajia maji yakisukume kando. Yalikivuta. Kijiko kiliingia ndani ya maji kama kimeitwa. Shemeji aliruka nyuma.

"Umeona? Maji yanashika kitu imevimba," yule mama akasema. "Kwa hivyo tumbo la boti ya mwendo, sehemu ya nyuma, liwe limenyooka kabisa. Likivimba hata kidogo, maji yatavuta mkia chini na pua itapanda. Na ukingo wa mwisho uwe mkali kama kisu, maji yaachie. Ukiuzungusha vile nyinyi watu wa matanki mnapenda, maji yataukumbatia."

Kisha alichora kwa chaki kwenye saruji. Boti ya miili miwili myembamba iliyounganishwa juu, ambayo vitabu vinaita katamarani na wao karakanani waliita miguu miwili. Kila mguu una makali chini, unapasua wimbi badala ya kulipiga kofi. Upande wa ndani ukuta umesimama wima, upande wa nje umelala. Katikati kuna handaki. Mwendo ukikaza, hewa inajazana humo na kuibeba boti kiasi, hivyo tumbo linaloguswa na maji linapungua na boti inakuwa nyepesi.

"Lakini hiyo hewa si rafiki," alimalizia. "Pua ikiwa chini, inakubeba. Pua ikipanda sana, inakugeuza chali."

Tuliifanya kazi hiyo kwa muda mrefu. Shemeji alikuwa akipanda kutoka Mbeere kila wiki na kulala kwangu, anapiga msasa hadi vidole vinatoa damu. Hakuwa mtu wa maneno. Nakumbuka alivyokuwa anaingia chini ya ule mwili wa boti uliopinduliwa na kukaa humo bila kufanya kazi yoyote, miguu yake tu ikionekana.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia wakati ule. Tulipotoa mguu wa pili kwenye moldi, kalibu yake, niliweka rula ndefu ya alumini kwenye tumbo, kuelekea nyuma. Moldi ilikuwa imelegea kwa joto. Rula iligusa katikati, na kwenye ncha zake mwanga ukapita, unene wa ukucha. Kulikuwa na uvimbe. Na ukingo wa mwisho nilikuwa nimeuzungusha, mkono ukifuata mazoea yake ya miaka. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, amechoka, macho mekundu. "Iko sawa?" akauliza. Nikasema iko sawa.

Siku ya kwanza majini, mimi nilibaki ukingoni. Boti iliinuka juu ya maji haraka ajabu, wavuvi wakapiga makofi. Ilipofika katikati ya bwawa pua ilianza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama mbuzi anayekunywa. Halafu ikapanda na kubaki juu, na hapo ndipo sauti ikatoka.

Ilitoka kwenye lile handaki. Ilianza chini, ikavutika, ikapanda mwishoni. Kule kwetu Kanyakine watu huitana kutoka bonde moja hadi lingine, na kila mtu ana mwito wake. Huo ulikuwa mwito wa dada yangu. Nilipokuwa mdogo alikuwa akiniita hivyo nirudi kula. Alipoolewa Mbeere alimwita mumewe hivyo kutoka kwenye boma, na yeye yuko majini. Mvuvi aliyekuwa kando yangu aliweka mkono mdomoni, kwa sababu naye aliujua.

Shemeji aliporudi alikuwa analia na anacheka. "Umemsikia?"

"Ni upepo kwa handaki," nikasema.

"Najua ni upepo," akajibu. "Lakini umemsikia?"

Baada ya siku hiyo alikuwa akitoka na boti kila alasiri. Hakubeba samaki wala mtu. Alikimbia katikati ya bwawa mpaka pua ipande na sauti itoke, akaishikilia hapo, akapita mahali dada alipozama, akageuka, akapita tena. Majirani walianza kuingia ndani saa hiyo. Mama yake mzee alinipigia simu akaniomba nimchukue mwanawe nikae naye Embu. "Anaenda kuongea na bibi yake," aliniambia, "na sisi wote tunasikia akijibiwa."

Nilimtumia mama wa Nkubu video. Alinipigia papo hapo.

"Hiyo pua iko juu sana. Ulipima tumbo?"

Nikamuuliza kama ameiona video mpaka mwisho.

"Nimekuuliza, ulipima?"

Nikamwambia ukweli, unene wa ukucha na ule ukingo. Hakunigombeza. "Sikiza. Hiyo sauti inatoka kwa sababu boti imekaa vibaya. Upepo unaingia kwa handaki ukigonga dari. Siku upepo wa kweli utamkuta amekaa hivyo, itampindua. Rekebisha. Itanyamaza."

Nilishuka Mbeere siku iliyofuata. Shemeji alinikaribisha vizuri, tukala samaki na ugali, na alasiri akaniomba nipande naye. Sijui kwa nini nilikubali. Labda nilitaka kumsikia kwa karibu. Nilivaa jaketi la kuelea, nikakaa, nikashika chuma kwa mikono miwili. Mwito ulipotoka chini ya miguu yetu, ulipanda kupitia sakafu hadi kwenye meno yangu. Nilisahau hofu. Nilikuwa mtoto tena, chakula kiko tayari, na nimechelewa. Nilimwangalia shemeji. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyefika nyumbani.

Kisha upepo wa saa tisa ukatupata kwa mbele. Pua ilipanda, nikaona mawingu mbele yetu, kisha nikaona mawingu tu. Shemeji hakupunguza. Nilijirusha mbele kwa tumbo, uzito wangu wote, nikafikia swichi na kuzima injini. Boti ilisimama hewani kwa muda ambao hata sasa naona haujaisha, ikaamua, ikaanguka kifudifudi. Nilivunjika jino.

Tulielea. "Ulitaka kwenda naye," nikasema.

Alitazama maji. "Sijui. Nilikuwa nataka amalize kuita."

Hapo nikamwambia habari ya rula. Nilimwambia yote: kwamba niliona mwanga, kwamba nilinyamaza, kwamba sauti ile haikuwa dada, ilikuwa kosa langu likipigwa na upepo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ukirekebisha, ataenda."

"Boti itafika kwa mtu haraka. Si ndivyo uliniomba?"

Aliwasha injini, akaturudisha ukingoni polepole. Lakini kesho yake alikubali boti ivutwe hadi karakana, na hakuja nayo.

Niliifanya kazi ile peke yangu. Nilipindua boti, nikasaga uvimbe, nikajaza, nikaweka rula, nikasaga tena, mpaka mwanga haukupita popote. Nilinoa ukingo wa nyuma hadi ukanikata kiganja. Nilisogeza betri na tanki la mafuta mbele. Kila nilipopitisha msasa nilihisi namziba mtu mdomo. Mara kadhaa nilitoka nje nikakaa kwenye ndoo, nikalia, nikarudi.

Tulipoiweka majini ilikwenda kama imechorwa kwa rula. Pua ilitulia, mawimbi yalipasuka pembeni na kubaki nyuma, mwendo ukazidi ule wa kwanza. Na haikusema kitu. Shemeji alizunguka bwawa mara moja, akaifunga kwenye mti, akapita mbele yangu bila kunitazama. Tulikaa karibu mwaka mzima bila salamu.

Kisha msimu wa upepo ukarudi, na nilikuwa huko kwa sababu mama yake mzee alikuwa mgonjwa na nilikwenda kumwona. Tulisikia mayowe kutoka bwawani. Mtumbwi ulikuwa umepinduka, mbali, upande ule ule. Shemeji alitoka mbio bila viatu. Nami nilimfuata, nikapanda, sikufikiri.

Hakupunguza mwendo hata mara moja. Naapa. Mawimbi yalikuwa yamesimama kama mifugo zizini na sisi tulipita katikati. Tulimkuta baba mmoja ameshikilia mtumbwi, na hatua chache kutoka kwake mkono wa mwanamke, mkono tu. Shemeji alizima injini, akalala kifudifudi kati ya ile miguu miwili ya boti, akaudaka, akavuta. Mwanamke alitoka na maji yakimtoka puani. Shemeji alimshika uso kwa mikono yote miwili akamtazama, akamtazama, mpaka yule mama akaanza kuogopa.

"Pole," akamwambia hatimaye. "Nilidhani ni mtu mwingine."

Alivua shati lake mwenyewe akamfunika, nami nikampandisha yule baba. Kurudi niliendesha mimi, kwa sababu yeye alikuwa bado amemshikilia yule mama. Nilikuwa natega sikio chini, nikijua hakuna kitu, na bado nikitega.

Jioni tulikaa nje ya nyumba yake. Alinimiminia chai, mara ya kwanza tangu tukosane.

"Shemeji, wewe bado unamsikia?" akauliza.

"Hapana," nikasema.

"Mimi pia hapana." Alisukuma sahani ya viazi vikuu upande wangu. "Ni vibaya sana huku, kukiwa kimya."

Tulikula. Mama yake aliita kutoka ndani, anataka maji ya kunywa, na shemeji akainuka kumpelekea.