Silinda Nane za Baba

Baba yangu aliendesha gari la mtu mwingine kwa miaka ishirini na sita, na siku alipoambiwa sasa ni lake, alikaa nje na funguo mkononi kama mtu aliyeokota kitu na anamsubiri mwenyewe aje kukidai.

Mwenye gari alikuwa mwanasheria, mama mmoja mkali wa maneno machache. Alipostaafu aliamua kuhamia kwa watoto wake ng'ambo. Ofisi akaifunga, vitabu akavigawa, gari akamwandikia dereva wake. Lilikuwa gari refu jeusi, la viti vya ngozi na injini ya silinda nane, lililotengenezwa mwaka mmoja kabla mimi sijazaliwa. Enzi zake lilikuwa la wakubwa. Baba alilileta nyumbani taratibu, akaliegesha kwenye kiwanja chetu kidogo cha mbele, likakijaza chote. Tangu siku hiyo kuingia sebuleni ikawa lazima upite kiubavuubavu.

Furaha ilidumu mpaka alipojaza tangi mara ya pili. Mjini lita moja ilimfikisha kilometa tano, na siku ya foleni hata nne hazitimii. Majirani wakalibatiza Mlevi. "Mlevi kaamkaje leo?" walimuuliza baba asubuhi, naye akacheka nao, lakini akaanza kwenda sokoni kwa miguu.

Wa kwanza kumshauri aliuze nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa mjomba, kaka yake mama, fundi wa kila kitu kwa mdomo.

"Shemeji, ing'oe hiyo injini, uweke ya silinda nne," alisema. "Gari libaki na sura yake, tumbo tu ndilo lipungue."

Niliona amesema la maana. Nikaitafuta hiyo injini ndogo mwenyewe, nikaipata kwa muuza vipuri jirani na kazini kwangu, nikamwomba aniwekee.

Kabla hatujaamua, mama akaanguka. Ngazi za posta zilikuwa zimetoka kupigwa deki, akateleza, pingili mbili za uti wa mgongo zikavunjika. Alipasuliwa, na namshukuru Mungu kwamba miguu ilibaki na uhai. Ila daktari aliagiza awe anapelekwa kwenye mazoezi ya viungo kila baada ya wiki mbili, kwa miezi minane, katika hospitali kubwa iliyo kilometa mia na themanini kutoka kwetu.

Safari ya kwanza nilikodi gari dogo jipya, la aina ile inayosifiwa kwamba mafuta inanusa tu. Nilikaa naye nyuma. Kila tuta lilimfikia mgongoni. Tulisimama mara nne, na mara ya nne alinishika mkono akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nirudishe nyumbani. Kama kupona ndiko huku, acha nibaki nimeinama." Mama yangu si mtu wa kulalamika. Nilitazama nje ya dirisha ili asinione.

Safari ya pili baba hakumuuliza mtu. Alitandika mito kwenye kiti cha nyuma cha Mlevi, akamlaza mama, akawasha gari. Sikusikia injini, nilijua tu tumeondoka kwa kuona nyumba zinarudi nyuma. Matuta yalipita chini yetu kama habari za watu wengine. Tulipofika kama kilometa ya thelathini nikageuka kumtazama mama, nikamkuta amelala fofofo, mdomo wazi. Baba naye alimwona kwenye kioo.

Hapo habari ya kuuza gari ikaisha. Iliyobaki ilikuwa ya mafuta, maana kwenda na kurudi tulichoma karibu lita sitini. Ndipo baba akalipeleka kwa Kipimo. Mjomba hakukubali kuachwa, na mimi nikafuata.

Kipimo alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye gereji ya mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa kejeli, kwa sababu hagusi nati kabla hajapima, na mwisho akalipenda mwenyewe. Mjomba alimwahi. "Tunataka kushusha hii injini, tuweke ndogo."

"Ili iweje?"

"Ili ile mafuta kidogo."

"Nani amekwambia itakula kidogo?" Kipimo aliuliza, wala hakuwa na hasira. "Hili gari lina karibu tani mbili. Ukiliwekea injini ndogo, kila saa itakuwa imekanyagwa mpaka mwisho. Ni kama umemtwika mtu mwembamba magunia mawili, halafu unamshangaa kwa nini anakula sana na bado hafiki. Na mwaka haujaisha itakufa."

Baba akauliza, "Sasa kwa nini walilitengeneza linywe hivi? Hawakujua?"

"Walijua sana, mzee. Walichagua." Kipimo alifungua boneti, akaonyesha kwa bisibisi. "Hapa kuna pistoni nane, na zote zinasuguana, hata ukiwa umesimama kwenye foleni hujaenda popote. Hayo ni mafuta ya bure yanayokwenda. Kila ukisimama, unaanza upya kusukuma tani mbili. Lakini barabara ndefu, ukishashika mwendo, injini hii inatembea bila kutoka jasho. Haitetemeki, haipigi kelele. Walitaka abiria wapumzike, wakakubali kulipia kwa mafuta. Huwezi kupata vyote."

Nilimfikiria mama na mdomo wake wazi, nikaona kwamba watu nisiowajua, waliokaa na penseli zao kabla mimi sijazaliwa, walikuwa wamemfanyia mama yangu wema.

Kisha Kipimo akaliendesha mwenyewe kama nusu saa, baba kando yake. Waliporudi hakuzima injini. Aligonga kioo cha mshale wa joto.

"Mzee, huu mshale huwa unapanda?"

"Haupandi hata kidogo," baba akasema kwa fahari. "Miaka kumi na miwili halijawahi kuchemka."

"Nani alitoa thamostati?"

Thamostati ni kile kimlango kidogo kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto wake. Miaka kumi na miwili iliyopita gari lilikuwa limechemka njiani, bosi wake akiwa na kesi. Kesho yake baba alimwambia fundi mmoja akitoe kabisa kimlango hicho, asije akaaibika tena.

"Ni mimi," baba alisema.

"Basi injini yako inadhani kila saa ni alfajiri ya baridi," Kipimo akamweleza. "Ikijiona ya baridi inamwagiwa mafuta mengi ili ipate nguvu. Haijawahi kuambiwa kwamba kumekucha."

Alisafisha rejeta iliyokuwa imeziba, maana hiyo ndiyo iliyokuwa imelichemsha gari tangu mwanzo, akaweka thamostati mpya, akalegeza breki moja iliyokuwa inabana, akajaza upepo matairi. Baba alisimama pale mikono nyuma muda wote. Alikuwa hawazi mafuta yake. Alikuwa anawaza mafuta ya bosi.

Jioni ile ile akampigia simu ng'ambo, akaniomba nikae karibu.

"Bosi, nimepiga kukiri kosa," alianza, akaeleza yote bila kuruka kitu.

"Kwa hiyo miaka kumi na miwili umenichomea mafuta ya bure," ile sauti kavu ikasema.

"Ndiyo, bosi. Nisamehe."

"Katika miaka hiyo nilichelewa mahakamani mara ngapi?"

Baba akafikiri kwa uaminifu. "Hata mara moja, bosi."

"Basi hatudaiani. Mgongo wa mkeo unaendeleaje?"

Baba alijibu kuhusu mgongo. Alipomaliza alienda kumwambia mama kwamba bosi amemsalimu, akakaa ukingoni mwa kitanda kwa muda mrefu akimkanda miguu.

Safari iliyofuata tulitumia lita arobaini na tatu. Sehemu ilikuwa kazi ya Kipimo, sehemu ni mguu wa baba mwenyewe, ambaye kwa uzee wake alikubali kufundishwa upya: aondoe mguu mapema akiona watu wanavuka mbele, asikimbilie breki. Mjini Mlevi aliendelea kuwa Mlevi. Dawa ya hilo haipo, Kipimo alituambia wazi, kwa hiyo mjini baba akaendelea na miguu yake. Safari za hospitali akaanza kumbeba pia mwalimu mmoja mstaafu wa mtaa wa pili, aliyevunjika nyonga. Mama na mwalimu walipiga soga njia nzima, na mara nyingi tulifika kabla hawajamaliza.

Injini niliyowekewa nilikwenda kuikataa mwenyewe. Muuza vipuri aliniuliza kama nimepata nzuri zaidi, nikamwambia ilikuwepo nyumbani siku zote.

Mwezi wa saba wa mazoezi mama alianza kutembea na fimbo. Wa nane aliiacha mlangoni, akatuambia anakwenda mahali na asisindikizwe. Nilimfuata kwa mbali. Alikwenda polepole mpaka nyuma ya kituo cha mafuta. Kipimo alikuwa chini ya basi dogo, miguu tu ndiyo inaonekana. Mama akajitambulisha. Kipimo akajivuta nje na kukaa, akaangalia mkono alionyooshewa, kisha akaangalia wake.

"Nina grisi, mama."

"Naiona," mama akasema, akaushika kwa mikono yote miwili.