Gari la Baba Tuliloliacha Ulemo

Safari yetu ilikuwa na sababu moja. Mama mkubwa, dada pekee wa mama aliyebaki, alikuwa mahututi Kinampanda na alitaka kumwona mdogo wake. Asubuhi, nyumbani Mandewa, nikaliwasha gari la marehemu baba. Bado linanukia alizeti tulizokuwa tukibeba kila likizo, sisi watoto tumebanana nyuma tukigombania dirisha. Nazikumbuka mno siku zile.

Ulemo tulisimama kununua maji. Niliporudi garini nikaona pamelowa chini ya tairi la nyuma. Nikatandika kipande cha boksi, kama alivyokuwa akifanya baba kabla ya kila safari huku tumechuchumaa kumzunguka, kisha nikagusa matone yaliyodondokea juu yake. Hayakuwa maji, maana yaliteleza. Wala hayakuwa meusi kama oili ya injini iliyotumika. Yalikuwa mepesi, ya manjano, na tairi lilikuwa limelowa kwa ndani. Nikakanyaga breki, pedeli ikazama hadi karibu na sakafu. Yalikuwa mafuta ya breki.

Muuza mafuta ya alizeti wa pale kando akampa mama shikamoo, akainama kutazama, kisha akaninyooshea chupa.

"Ongezea haya, kaka. Si mafuta tu? Mtafika."

"Haya yataharibu mipira ya breki," nikamjibu. "Na hata nikiweka mafuta yenyewe ya breki, yatavuja tena."

"Twende polepole, mwanangu," mama akasihi. "Dada ananisubiri."

"Hapana, mama. Gari haliendi."

Sikuwahi kumkatalia jambo zito namna ile, na iliniuma. Akashuka. Gari nikamwachia fundi wa pale Ulemo. Tukasubiri gari la abiria hadi jua likaanza kushuka.

Kinampanda tulifika jioni. Elia, mtoto wa mama mkubwa, alitupokea mlangoni.

"Mchana kutwa alikuwa anakutaja wewe, mama mdogo. Sasa hivi hasemi tena."

Mama akaketi kitandani, akaushika mkono wa dada yake, akazungumza naye Kinyiramba taratibu. Mama mkubwa hakufumbua macho. Alfajiri akafariki.

Baada ya mazishi tulilifuata gari Ulemo. Fundi alikuwa amebadilisha paipu ya breki iliyopasuka. Nikakanyaga pedeli, ikawa ngumu, chini pakavu. Njiani nikamwambia mama kwamba najua nilifanya sawa, lakini nimejifunza kuwa kufanya sawa nako kunauma, na bado najilaumu.

Akanigeukia.

"Ungenisikiliza, dada angefika huko akanikuta nimemtangulia," akasema. "Na angenigombeza sana."